Jinsi ya kumpa mzee alama ya udhaifu pale imejensi (na kwa nini wengi tunampa alama isiyo yake)

Kila maintani wapya wakiingia zamu naona kosa lilelile kwenye mafaili. Bibi wa miaka 78 kaletwa na nimonia, kalala kwenye stretcha hata kugeuka hawezi, mtu anaandika "CFS 7", yaani alama ya udhaifu wa mzee ngazi ya saba kati ya tisa, anahamia kwa mgonjwa mwingine. Ukimuuliza hiyo saba imetoka wapi anakwambia "dokta, si unaiona hali yake". Ndo penyewe hapo. Hali ya leo naiona, presha na oksijeni zinaniambia. Alama ya udhaifu inauliza kitu kingine kabisa, yaani kabla huu ugonjwa haujamwangusha bibi alikuwa mtu wa namna gani.

Nimeandika hii kwa manesi, maafisa tabibu na madaktari wa zamu, hasa wale walioijaribu mara mbili tatu wakaona kila mtu anapata namba yake kwa mgonjwa huyohuyo mmoja.

Skeli ninayoizungumzia ni ya Daktari Rockwood, ile ya Halifax kule Kanada, ngazi 1 hadi 9, ndo hiyo CFS (Clinical Frailty Scale). Zipo njia nyingine, kuna za kupima nguvu ya kiganja na kasi ya kutembea, ila mgonjwa kalazwa na dripu na oksijeni puani, huo mwendo utaupimia wapi. Hii ya Rockwood inahitaji maswali tu na mtu wa kuyajibu.

## Vitu vya kuwa navyo kabla hujaanza

- Karatasi ya skeli yenye vile vichoro vya watu, toleo la 2020. Bandika ukutani pale triaji, yaani mlangoni wagonjwa wanapopangwa kwa uzito wa hali zao. Ile ya kwanza ya 2005 ilikuwa na ngazi 7 tu, ukikuta chapisho la zamani kwenye droo litupe maana saba ya kule na saba ya huku ni vitu viwili.
- Vipimo vya mwanzo: presha, mapigo, pumzi, joto, oksijeni na sukari. Sukari usiiache.
- Karatasi ya 4AT ya kupima kama mzee kachanganyikiwa ghafla.
- Mfuko wa dawa zake zote, na za miti shamba pia.
- Simu yenye salio. Sitanii, utaona Hatua ya 3.

## Hatua ya 1: Tibu kwanza kinachoua

Njia ya hewa, pumzi, mzunguko wa damu, sukari. Alama itasubiri nusu saa, haikimbii.

Hili nililijifunza vibaya. Nikiwa intani, hospitali moja ambayo sitaitaja, aliletwa mzee mmoja kalegea, hajibu, kajikojolea. Waliomleta ni vijana wa bodaboda waliomkuta njiani, ndugu hamna. Nikaandika mzee hajiwezi kabisa, nikamsogeza nyuma ya foleni kichwani mwangu. Nesi mmoja mkongwe akapima sukari, ikasoma chini sana, akampa glukosi ya mshipa. Baada ya dakika chache mzee kafungua macho anauliza viatu vyake viko wapi, na baiskeli. Alikuwa anatoka shambani, peke yake, anaendesha baiskeli! Kwenye skeli huyo alikuwa wa ngazi 2 au 3. Mimi nilishampeleka 7.

Utajua umefaulu: mgonjwa ametulia kadiri inavyowezekana, na kila kinachorekebishika haraka umekigusa kabla ya kushika kalamu.

## Hatua ya 2: Hakikisha skeli inamhusu huyu mtu

Ni ya watu wa miaka 65 kwenda juu. Usimpe kijana wa miaka 40 aliyepooza kwa ajali, usimpe mtu aliyezaliwa na ulemavu ambaye maisha yake yote anasaidiwa kuoga na yuko vizuri tu. Kwa hao msaada wanaohitaji hausemi chochote kuhusu kama mwili unaishiwa. Uingereza walijikwaa hapahapa Machi 2020, wakati korona inaanza: taasisi yao ya NICE ilitoa mwongozo wa nani aingie ICU (chumba cha wagonjwa mahututi) ukitegemea skeli hii, familia za watu wenye ulemavu na usonji zikapiga kelele, ndani ya siku chache ikabidi warekebishe na kusema wazi isitumike kwa hao wala kwa walio chini ya 65.

Umri wenyewe sasa. Wazee wetu wengi cheti cha kuzaliwa hawana na kadi imeandikwa tarehe 1 Januari au 1 Julai ya kukisia. Muulize kwa matukio: "Uhuru 1961 ulikuwa umeanza shule?" "Mapinduzi ulikuwa na mtoto?" "Vita ya Kagera ulikuwa unafanya kazi gani?" Aliyekuwa darasani siku ya Uhuru kashavuka 65 zamani. Andika "umri wa kukadiria", inatosha.

## Hatua ya 3: Tafuta shahidi sahihi

Hapa ndo alama nyingi zinaharibikia kwa hiyo nitakaa kidogo.

Mgonjwa akiweza kuongea anza naye, na anza kwa heshima. "Shikamoo bibi. Pole na maumivu. Naitwa fulani, nitakuuliza kidogo maisha ya nyumbani." Ukianza na "bibi unaweza kwenda chooni mwenyewe?" mbele ya mkwewe atakwambia anaweza hata kama hajaweza tangu mwaka jana. Wazee wetu wanaficha, hasa la choo na la kujikojolea, na mzee wa kiume mbele ya mabinti ndo kabisa. Vuta pazia, toa watu nje kwa adabu.

Halafu tafuta mtu wa pili. Kwa kawaida anayeongea sana ni mtoto aliyetoka mjini, ndo analipia bili, ndo kashika faili, na mara ya mwisho kumwona mama ilikuwa Krismasi au Idi. Atakujibu kwa kujiamini: "Mama yuko fiti, anafanya kila kitu." Huyo mama anayemsema ni wa miaka mitatu iliyopita. Anayejua ni yule binti wa kazi aliyesimama mlangoni na kanga ya bibi mkononi, au mjukuu anayelala naye chumba kimoja, au jirani. Hao hawaulizwi na wenyewe hawajitokezi kwa sababu wakubwa wanaongea. Waulize pembeni: "Mdogo wangu, we ndo unakaa na bibi? Nani anamwandalia maji ya kuoga?" Nusu dakika unapata kila kitu.

Hakuja mtu anayeishi naye? Piga simu nyumbani. Ndo kazi ya lile salio.

Angalia: upande mwingine upo pia. Familia iliyochoka kuuguza, au yenye hofu ya gharama, inaweza kukuchorea mzee asiyejiweza kuliko alivyo. Siwalaumu. Ila ukiona majibu yamepishana sana, muulize mtu wa tatu kabla hujaandika.

Utajua umefaulu: una jina la aliyekujibu na uhusiano wake na mgonjwa, na ni mtu aliyemwona mzee ndani ya wiki mbili hizi.

## Hatua ya 4: Rudi wiki mbili nyuma

Skeli inauliza hali ya kama wiki mbili kabla ya huu ugonjwa wa leo. Ukisema tu "kabla hajaumwa" watu wanakwenda mbali, wengine mpaka enzi za ujana, kwa hiyo mpe siku ya kushika: "Siku ya soko, sio ya wiki hii wala iliyopita, ile ya nyuma yake. Babu siku hiyo alifanya nini toka kuamka mpaka kulala?" Mwache asimulie, usimkatize. Katika hiyo simulizi nusu ya maswali yanajijibu.

Kama alipata kiharusi miezi sita iliyopita na tangu hapo anasaidiwa, huo sasa ndo msingi wake, unahesabika. Kama kaanza kulegea siku nne zilizopita pamoja na homa, hiyo haihesabiki, ni ugonjwa wa leo. Na kama kaugulia ndani wiki tatu kabla ya kuletwa, basi rudi nyuma ya hizo wiki tatu, usishikilie namba mbili kama msahafu.

## Hatua ya 5: Uliza mwili kwanza, shughuli baadaye

Anza na mambo ya mwili: kula, kuvaa, kuoga, kwenda chooni, kutoka kitandani na kutembea ndani. Yote anayafanya mwenyewe? Basi panda kwenye shughuli. Ukianzia huku juu utapoteza muda kuuliza habari za pesa kwa mtu ambaye hata kulishwa analishwa.

Kwenye shughuli karatasi inazungumzia benki, usafiri, kazi nzito za nyumba, kupanga dawa. Tafsiri kwa maisha yake. Benki ya bibi ni simu yake, kwa hiyo uliza kama anatoa na kutuma hela mwenyewe, au siku hizi kamwachia mjukuu namba ya siri, na ni kwa sababu gani kamwachia. Usafiri: anapanda daladala peke yake? Anafika kanisani au msikitini kwa miguu au anasubiri apelekwe? Kuchota maji, kuwasha moto, kufuata kuku jioni, kukumbuka kidonge cha presha. Mtu aliyeacha kwenda msibani kwa jirani kwa sababu hawezi kutembea, hiyo ni taarifa kubwa kuliko mkanda wa eksirei.

Sasa mtego wetu sisi wenyewe, ambao walioandika skeli hawakuwa nao sana kichwani: hafanyi sio sawa na hawezi. Mzee ambaye toka aoe hajawahi kupika, ukimuuliza "unapika?" anasema hapana, unamhesabia kama tegemezi. Sio. Bibi ambaye wanawe wamemwambia "mama pumzika, umetulea inatosha" hachoti maji kwa sababu ya heshima, nguvu anazo. Swali linalonisaidia mimi ni hili: "Mkisafiri wote siku tatu mkamwacha peke yake, atamudu?" Wakicheka wakasema "atafurahi, atapumua," huyo anaweza. Wakitazamana kimya, umeshapata jibu.

Swali la pili zuri: "Kuna kitu alikuwa anafanya mwaka jana sasa hivi kaacha?"

## Hatua ya 6: Sasa chagua namba

Kwa kifupi, kwa lugha yetu:

1 ana nguvu kuliko wenzake, analima au anafanya mazoezi mara kwa mara. 2 mzima, hana dalili za ugonjwa wowote, ila sio mtu wa mazoezi kila siku. 3 ana presha au sukari lakini imetulia kwa dawa, kutembea kwake ni kwa kawaida tu. 4 hategemei mtu, ila kapungua kasi, analalamika kuchoka mchana, dalili zinambana. 5 anahitaji msaada kwenye yale ya akili na nguvu: hela, usafiri, dawa, kazi nzito. 6 kila cha nje ya nyumba anasaidiwa, ndani pia, ngazi zinamshinda, kuoga anasaidiwa. 7 mwili wake wote unahudumiwa na wengine, ila ametulia, sio kwamba anakaribia kufa miezi hii. 8 anahudumiwa kwa kila kitu na mwisho unakaribia, hata mafua yanaweza kumwondoa. 9 ana ugonjwa wa mwisho, anatarajiwa chini ya miezi sita, ila vinginevyo hajalegea kiasi cha 7 au 8.

Rudia hiyo 9. Watu wanadhani ni daraja la juu la 8, kwamba ndo aliyelegea kuliko wote. Hapana. Mama mwenye kansa ya kongosho iliyosambaa ambaye bado anatembea na anajipikia chai ni 9. Babu aliyelala kitandani miaka miwili, analishwa, na sasa anafifia, ni 8.

Mwenye ugonjwa wa kusahau: wa mwanzo, anarudia hadithi na kusahau mambo ya juzi, ni 5. Wa kati, anahitaji kuelekezwa ili ajihudumie, ni 6. Uliokomaa, hawezi kujihudumia bila mtu, ni 7. Hata kama mwili una nguvu na anakimbia.

Umri usiuhesabu kabisa. Idadi ya magonjwa nayo usiihesabu kama alama, nimeona watu wanafanya "presha moja, sukari moja, figo moja, jumla tatu". Hii sio hesabu ya kujumlisha. Ukisita kati ya namba mbili, wenye skeli wenyewe wanashauri kwenda ya juu yake endapo dalili za kutosha zipo, ila andika umesita kati ya ngapi na ngapi.

Utajua umefaulu: ukimpa mwenzako maelezo bila namba, naye anataja namba hiyohiyo au ya jirani yake. Mkipishana kwa mbili, mmoja wenu kaangalia stretcha.

## Hatua ya 7: Pima kichwa, usikisie

Mzee aliyechanganyikiwa ghafla anaweza kuonekana kama mwenye ugonjwa wa kusahau wa miaka mingi, na ukikosea hapo namba yote inaruka. 4AT ina vitu vinne: yuko macho kiasi gani, maswali manne ya haraka (umri, tarehe ya kuzaliwa, mahali alipo, mwaka huu), kutaja miezi kinyumenyume, na kama kuna badiliko la ghafla au linalokuja na kuondoka. Jumla 4 au zaidi, fikiria kachanganyikiwa ghafla, tafuta chanzo: maambukizi, sukari, chumvi ya damu, mkojo kuziba, maumivu, dawa mpya.

Ila bibi ambaye hakusoma na miezi anaihesabu kwa misimu ya mvua, kumwambia "Desemba, Novemba, endelea" ni kumwonea. Mimi huwa najaribu siku za wiki kwa kurudi nyuma, Jumamosi, Ijumaa, Alhamisi. Hiyo sio 4AT rasmi tena, kwa hiyo naandika kwenye faili nilichofanya na sijifanyi nina alama kamili. Swali la badiliko la ghafla halihitaji shule, na lenyewe peke yake lina pointi 4. Lipe uzito.

## Hatua ya 8: Unganisha na ugonjwa wa leo ndo uongelee kupona

Alama peke yake sio utabiri. Kuna vitu viwili unavitazama pamoja: mtu alikuwa na akiba kiasi gani (hiyo ndo skeli), na ugonjwa wa leo umempiga kiasi gani (vipimo, NEWS2, ile alama ya ukali wa ugonjwa inayotokana na vipimo vya mwanzo, au triaji mnayotumia). Bibi wa ngazi 6 aliyekatwa kidole na panga atarudi nyumbani. Babu wa ngazi 2 mwenye sepsisi (maambukizi yanayoharibu viungo vya mwili) na presha isiyopanda yuko hatarini kweli.

Ila ugonjwa ukiwa sawa, kila ngazi unayopanda hatari ya kufa inapanda. Utafiti wa Basel, Uswisi, uliochapishwa 2020, uliwafuata wagonjwa wa dharura wa miaka 65 na zaidi kwa siku 30, na skeli hii ilibashiri vifo vizuri kuliko daraja la triaji walilopewa mlangoni. Na hawa wagonjwa sio wachache: Julai 2023 idara za dharura 62 za nchi 14 za Ulaya zilipima kwa siku moja zikakuta wastani wa asilimia 40 ya wazee wao wako ngazi 5 kwenda juu. Huko ni Ulaya, wazee wao na wetu wanafika hospitali kwa njia tofauti, kwa hiyo namba zao usizinukuu kwa familia ya Tandahimba kana kwamba ni zao.

Na kumbuka inabashiri kundi. Ngazi 7 wengi wanapona nimonia na kurudi nyumbani.

Onyo, na hili nalisema kwa herufi nzito: alama haizuii tiba. Mzee wa ngazi 6 aliyevunjika nyonga bado anahitaji upasuaji mapema, bila huo atalala na maumivu na vidonda vya mgongo. Kinachobadilika ni mazungumzo: je ICU na mashine ya kupumulia vitamrudisha alipokuwa, au vitamrefushia kufa? Hilo linaamuliwa na daktari mkubwa pamoja na familia na mgonjwa mwenyewe kama anaweza. Intani saa nane usiku na namba kwenye karatasi haliamui.

## Hatua ya 9: Ongea, andika, fanya

Ukienda kwa familia usiwatajie namba, haina maana kwao. Mimi nasema hivi: "Mama yenu kabla ya hii nimonia mwili ulikuwa umeshaanza kuchoka, mmeniambia kuoga alikuwa anasaidiwa. Tunamtibu. Lakini mwili uliochoka unachelewa kurudi na unaweza usirudi, na nataka tulijue wote mapema. Yeye mwenyewe aliwahi kusema angependa nini akizidiwa?" Halafu nyamaza. Mwache mkubwa wa familia aongee, na kama wanamsubiri mjomba aliye njiani basi msubirini mjomba, ukilazimisha uamuzi kabla hajafika utaurudia wote upya.

Kwenye faili usiandike "CFS 6" ukaondoka. Andika: "CFS 6, hali ya wiki mbili kabla, kwa maelezo ya mjukuu anayeishi naye: anasaidiwa kuoga, hatoki nje peke yake, dawa anapewa, anakula mwenyewe." Wa wodini asiyekujua anaweza kuihakiki hiyo.

Ngazi 5 kwenda juu, kuna mambo hayasubiri asubuhi: pitia ule mfuko wa dawa utoe zinazolewesha, usiweke katheta (mrija) ya mkojo bila sababu, mpe miwani yake na ndugu mmoja wa kukaa pembeni usiku kucha, dawa ya maumivu, chakula na maji kama hakuna kizuizi, mgeuze, na mara akiweza mkalishe.

Akija ndugu kesho na maelezo tofauti, rekebisha alama, weka tarehe na saa, na ya zamani ikate kwa mstari mmoja isomeke.